Mlango Usiobishwa Hodi: Kuilinda Kompyuta ya Nyumbani



Wapenzi wasomaji, na hasa nyinyi kina mama mnaozibeba nyumba zetu,

Mtu wa Pwani haingii nyumba ya mwenziwe kimyakimya. Husimama kando ya mlango, akabisha hodi, akangoja kuitikiwa. Asipojibiwa baada ya mara ya tatu, huenda zake bila kinyongo. Adabu hii si desturi ya wazee wetu pekee. Imo katika mafunzo ya Surat An-Nur, yanayomtaka Muislamu aombe idhini kabla ya kuingia nyumba isiyokuwa yake. Ndiyo sababu mwanamke hukaa kwake kwa amani, akavua buibui, akasuka nywele, akazungumza na wanawe, akijua kwamba hapana jicho la mgeni linalomtazama.

Leo nyumba nyingi, kuanzia Lamu hadi Vanga, zina mlango mmoja zaidi, ambao haukuchongwa na fundi wa nakshi wala hauna komeo. Mlango huo ni kompyuta iliyo juu ya meza ya sebuleni. Mwaka wa 2009 waya wa TEAMS ulilazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi Mombasa, na tangu hapo intaneti imekuwa ikiingia majumbani kwa kasi tusiyoizoea. Bahari ile ile iliyokuwa ikituletea majahazi ya tende na mazulia sasa inatuletea masomo ya watoto, biashara za kina mama, na nyuso za jamaa walio Muscat, Dubai na London. Inatuletea pia wezi, na mwizi wa njia hii habishi hodi.

Tunalotaka kulisema juma hili ni hili: kompyuta ya nyumbani hailindwi na programu peke yake. Hulindwa na watu wa nyumba waliokubaliana jinsi ya kuutunza mlango wao, na wasioogopana pale mmoja wao anapoukosea.

KILICHOMO NDANI

Mara nyingi husikika mtu akisema, "Mimi sina kitu cha kuibiwa." Tumuombe mwenye kusema hivyo aketi mbele ya kompyuta yake na ahesabu. Humo zimo picha za arusi za ndani, ambapo mama, dada na shangazi wamepambwa na kutiwa hina, bila ushungi, kwa kuwa waliaminiana. Zimo nakala za vitambulisho, pasipoti na vyeti vya kuzaliwa, zilizotiwa siku ya kuomba nafasi ya shule au viza ya Umra. Imo hesabu ya chama, pamoja na majina na nambari za simu za wanachama wote. Kwa mama anayeshona mabuibui au anayeuza viungo na vitafunio, umo mkeka mzima wa biashara: nani ameagiza, nani amelipa, nani anadaiwa.

Juu ya yote hayo iko barua pepe. Barua pepe ni shada la funguo, kwa sababu kila mahali ulipojiandikisha, ukisahau neno lako la siri, hutumiwa njia ya kulibadilisha kupitia anwani hiyo. Aliyeiteka barua pepe yako hana haja ya kuvunja milango mingine. Huomba funguo mpya, akazipokea yeye.

Tukumbuke pia kwamba mwizi huyu hachagui nyumba za matajiri. Kazi yake hufanywa na programu zinazozunguka mitandaoni usiku na mchana zikijaribu kila mlango, kama mtu anayepita kichochoroni akisukuma kila kitasa. Nyingi ya mali anazozitafuta si zetu wenyewe. Ni amana za wengine: picha ya shoga, cheti cha mtoto, fedha za wanachama. Mtu akiwa radhi kupoteza chake, hana ruhusa ya kupoteza cha mwenziwe.

NJIA TATU ZA MWIZI

Njia ya kwanza ni kufunguliwa mlango na aliye ndani. Mfano wake mashuhuri ulitokea Mei 2000. Barua pepe iliyoanzia Ufilipino ilienea duniani kwa muda wa saa chache, ikiwa na kichwa cha maneno ya mapenzi na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kompyuta nyingi zilificha herufi tatu za mwisho, kwa hiyo mpokeaji aliona barua ya maandishi tu. Herufi hizo tatu zilizofichwa ndizo zilizokuwa zikisema kwamba hii si barua, ni programu. Alipoifungua, iliharibu picha zake na kujituma yenyewe kwa watu wote waliokuwa katika orodha yake ya anwani. Wao nao waliifungua kwa sababu imetoka kwa mtu wanayemjua.

Hila hiyo haijazeeka, imebadilisha nguo tu. Leo huja kama ankara ya mzigo uliokwama bandarini, kama nafasi ya kazi Ghuba yenye mshahara wa kustaajabisha, kama ufadhili wa masomo unaofungwa usiku wa leo, au kama kifurushi cha Hija cha bei isiyowezekana. Alama zake ni mbili: haraka na tamaa, au haraka na hofu. Ujumbe unaokukataza kutulia na kuuliza ndio wa kutuliwa na kuulizwa. Ukimtoka jamaa, mpigie simu umsikie sauti yake kabla ya kufungua chochote.

Njia ya pili ni ufa katika ukuta. Programu hutengenezwa na wanadamu, na kila mara hugunduliwa kuwa na mahali palipoachwa wazi. Mtengenezaji akipajua, huleta kiraka kupitia masasisho. Mnamo Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mmoja mkubwa katika Windows. Wengi hawakukiweka. Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika ufa huo na kuingia katika zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Vilifunga mafaili ya wenyewe kwa kufuli la tarakimu na kudai dola 300 kuyafungua. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Virusi hivi viliweza kurukia kompyuta moja hadi nyingine bila ya mtu kubonyeza kitu, na dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa takriban miezi miwili kabla. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ulizibwa kwa kubonyeza mara moja.

Njia ya tatu ni kubebwa na wenyewe hadi ndani. Virusi viitwavyo Brain, ambavyo ni miongoni mwa vya kale kabisa kuenea katika kompyuta za kibinafsi, vilitungwa mwaka wa 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, navyo vilisafiri ndani ya diski zilizokuwa zikipeanwa mkono kwa mkono. Diski zile zimekwisha, lakini flashi imerithi kazi yake. Kijana hupeleka flashi kuchapisha kazi ya shule katika saiba ya mtaani, akaichomeka katika kompyuta iliyochomekwa flashi za watu mia, kisha akairudisha nyumbani. Akiifungua, hukuta folda zake zimegeuka vijialama vidogo vyenye mshale; akibonyeza kimoja, amekwisha kuingiza mgeni. Kikulacho ki nguoni mwako. Hali ni hiyo hiyo kwa programu na filamu za kuibwa zinazopakuliwa bure: aliyevunja kufuli la mwenye mali ili akupe wewe bure, huenda amekuachia na ufunguo wake mwenyewe ndani. Suala la halali na haramu hapa halihitaji maelezo marefu.

TUKUBALIANE NYUMBANI

Tunapendekeza familia ikae pamoja jioni moja, baada ya Isha, iyapitie mambo yafuatayo. Hayahitaji fundi wala fedha nyingi.

Kwanza, masasisho. Fungua sehemu iitwayo Windows Update na uhakikishe inafanya kazi yenyewe. Kompyuta ikiomba kuzimwa na kuwashwa upya, ikubalie usiku huo huo. Wenye kompyuta za zamani wajue kwamba huduma ya kawaida ya Windows 7 ilikoma Januari 2020, na ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Kompyuta isiyoletewa viraka isitumiwe kwa mambo ya fedha wala kuwekwa nyaraka za familia.

Pili, kinga ya virusi. Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake, Microsoft Defender, bila malipo. Iache iwe imewashwa. Likijitokeza tangazo kwenye ukurasa wa mtandao likipiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi na kwamba upige nambari fulani au upakue dawa, hilo ndilo virusi. Funga ukurasa. Hakuna kampuni ya kompyuta iliyokaa ng'ambo ikichungulia mashine yako ili ikupigie simu ya huruma. Wala usimruhusu mtu usiyemjua akuwekee programu ya kuiendesha kompyuta yako kwa mbali, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumpa kiti chako na kumwachia nyumba.

Tatu, akaunti. Kompyuta ya familia iwe na akaunti moja ya msimamizi, yenye uwezo wa kuweka na kuondoa programu, ishikwe na mama au baba. Watoto na wengine watumie akaunti za kawaida. Mtoto akibonyeza kitu kibaya, kompyuta itadai neno la siri la msimamizi kabla ya kuweka programu inayotaka kugusa mashine nzima. Ni sawa na kumwambia mgeni, "Ngoja hapo barazani, nimwite mkubwa."

Nne, maneno ya siri. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa si siri, maana mtaa mzima ulikuja kwenye akika. Neno zuri ni refu na halina maana kwa mwingine. Chagua maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano mwiko, bandari, mlozi na taa, uyaunge pamoja. Kisha tunga yako, kwa kuwa haya tayari yamesomwa na jirani zako wote. Barua pepe iwe na neno lake peke yake lisilotumika popote pengine. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, ambao humtaka anayeingia atoe na tarakimu zinazotumwa kwenye simu yako. Tarakimu hizo hazipewi mtu, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki. Ukiogopa kusahau, kuandika maneno yako katika daftari lililofungiwa kabatini pamoja na hati za nyumba ni salama zaidi kuliko kutumia neno moja kila mahali. Mdukuzi aliye mbali hawezi kufungua kabati lako.

Tano, kisanduku cha Wi-Fi. Ruta nyingi huja na neno la siri la kiwandani linalojulikana na kila mtu, kama vile "admin". Mwombe aliyekuwekea alibadilishe ukiwa umesimama hapo, nawe ulishike mwenyewe. Neno la Wi-Fi lisibandikwe ukutani.

Sita, mafaili na flashi. Katika dirisha la mafaili, fungua View uwashe chaguo la File name extensions, ili jina la kila faili lionekane mpaka mwisho. Barua au picha inayomalizikia kwa .exe au .vbs si barua wala si picha. Flashi iliyotoka nje ikaguliwe na kinga ya virusi kabla ya kufunguliwa.

Saba, akiba. Nunua diski ya nje, unakili humo picha na nyaraka zote mara moja kwa mwezi, kisha uichomoe na kuiweka mahali pengine. Kuichomoa ndiyo siri yake, kwani virusi vya kufunga mafaili hufunga pia diski iliyoachwa imechomekwa. Akiba haiozi, na aliye na nakala yake hana haja ya kumlipa mtekaji hata senti.

Nane, jicho la kompyuta. Kipande cha karatasi ya gundi juu ya kamera si ushamba. Mwaka wa 2016 picha ya Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, ilionyesha kompyuta yake ikiwa imezibwa hivyo hivyo. Ikiwa mwenye kuujua mtandao huziba, sisi tunaovua mitandio yetu katika vyumba hivyo tuna haki zaidi ya kuziba.

SIKU MWANA ANAPOKOSEA

Tukiyafanya haya yote, bado iko siku mtu wa nyumba atabonyeza asipopaswa. Anaweza kuwa mtoto wa miaka 11 aliyetafuta mchezo, bibi aliyedhani amepata salamu za mjukuu, au baba mwenyewe. Hapo ndipo nyumba nyingi huvunjika, na mara nyingi kinachozivunja si virusi, ni kimya.

Mwizi wa mtandaoni ana silaha mbili. Ya kwanza ni programu yake. Ya pili ni haya yetu. Anajua kwamba msichana aliyeibiwa picha zake ataogopa zaidi mkono wa baba yake na maneno ya majirani kuliko vitisho vya mwizi mwenyewe. Kwa hiyo humwandikia: lete fedha, lete picha nyingine, na usimwambie mtu. Msichana hunyamaza. Huuza hereni, hukopa kwa shoga, hukosa usingizi na chakula, na kila anapolipa, mwizi hupata hakika kwamba kuna cha kulipwa. Haya ni pambo la muumini, lakini tukiigeuza kuwa kifungo cha aliyedhulumiwa, tumemkabidhi dhalimu ufunguo.

Kwa hiyo ahadi iliyo kubwa kuliko zote katika kikao chenu cha familia iwe hii: atakayesema hatakaripiwa kwa kusema. Mtoto akija na kusema, "Mama, nimebonyeza kitu," jibu la kwanza liwe, "Umefanya vyema kuniambia, mwanangu. Hebu tuone." Mafunzo na makatazo yana wakati wake baadaye. Mtoto aliyefokewa siku ya kosa dogo hatakuja siku ya kosa kubwa.

Kisha mfanye yafuatayo kwa utulivu. Ikateni kompyuta na mtandao kwa kuzima Wi-Fi au kuchomoa waya. Kwa kutumia kifaa kingine, badilisheni neno la siri la barua pepe kwanza, kisha ya mahali pengine. Wajulisheni jamaa na wanachama wa chama, ili wasidanganywe kwa jina lenu. Ikaguliwe kompyuta kwa kinga ya virusi, na ikibidi ipelekwe kwa fundi mwaminifu, wa kike akiwa anapatikana, baada ya picha za familia kutolewa humo.

Ikiwa ni vitisho, msilipe na msifute. Hifadhini jumbe zote, majina na nambari zilizotumika, kwa kuwa huo ndio ushahidi. Nendeni kituo cha polisi mkaandikishe na kupewa nambari ya OB. Msichana asiende peke yake, aandamane na mama au shangazi yake. Taarifa pia hupokelewa na kituo cha taifa cha kushughulikia mashambulizi ya mitandaoni, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inaihesabu kuwa ni kosa mtu kuingia katika kompyuta ya mwingine bila idhini, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inakataza kusambaza picha za faragha za mtu. Nasi majirani tuna wajibu wetu: picha ya aibu ikitufikia, tuifute bila kuitazama mara ya pili wala kuipeleka mbele. Anayeieneza ni mshirika wa mwizi, hata akiwa ameongeza maneno ya "subhanallah" chini yake.

Ndugu wasomaji, mwanamke ndiye mlinzi wa nyumba yake, na ulinzi huo haukomei kwenye mlango wa mbao. Wala hauhitaji shahada ya kompyuta. Unahitaji mtu anayeuliza "Ni nani?" kabla ya kufungua, anayeziba ufa mapema, anayeweka akiba, na ambaye watoto wake wanajua kwamba wanaweza kumwendea. Chagueni usiku mmoja wa juma hili, mwite watoto, muanze na masasisho na kipande cha karatasi juu ya kamera. Mengine yatafuata, In shaa Allah.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu na awahifadhi vizazi vyetu. Hadi juma lijalo.

Wabillahi tawfiq.